Bwana Saa na Kapeti la Korido

Bwana Saa alikuwa fundi wa saa za mkono, na mtu anayeshinda kutwa akitazama vitu vidogo kuliko punje ya ufuta hawezi kurudi nyumbani akayafumba macho. Aliona uzi uliochomoka kwenye pazia kabla hajaketi. Aliona kikombe kilichogeuziwa mkono upande usio wake. Mkewe alikuwa mwalimu, na mtaa mzima, pamoja na mumewe, ulimwita hivyohivyo, Mwalimu. Yeye alikwisha kuyazoea macho ya mumewe. "Mume wangu," aliwaambia walimu wenzake, "akiingia peponi atauliza kwanza nani kamvisha yule malaika taji upande."

Basi mtu wa namna hiyo alipotandika kapeti la plastiki nyumba nzima, balaa halikuwa mbali.

Sakafu ya zamani ilikuwa ya sementi, na sementi yenyewe ilikuwa imechoka. Ukiifagia asubuhi, jioni imetoa vumbi jingine kutoka tumboni mwake. Ndipo wakamwita fundi wa sakafu, mtu mfupi mwenye penseli nyuma ya sikio, naye akaja na kapeti zito lenye sura ya mbao, akalibandika kwa gundi kuanzia sebuleni, akapita korido, akamalizia vyumbani. Siku mbili nzima alifanya kazi bila maneno. Maneno aliyaweka ya mwisho, akayasema akiwa bado amepiga magoti, kana kwamba analiusia kapeti lenyewe.

"Hili si sementi," alisema. "Sementi ni punda, unaipiga na bado inakubeba. Hili ni kama ngozi ya mtu. Lifagie kila siku kwa ufagio laini, maana mchanga ndio msasa wake. Halafu lipanguse kwa kitambaa kilichokamuliwa. Nimesema kilichokamuliwa, si kinachotiririka. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, basi. Ukimwaga maji ya ndoo yatapenya kwenye maungio na gundi itaachia. Mafuta ya taa, hapana. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, hapana. Kiti usikiburute, kinyanyue. Na sufuria ya moto isiguse chini."

"Na polishi?" aliuliza Bwana Saa, akiwa na kalamu mkononi.

"Polishi ya nini? Mng'ao limezaliwa nao. Tena litateleza. Usipake."

Bwana Saa aliandika yote, na hilo la mwisho pia aliliandika, akaibandika karatasi nyuma ya mlango wa jiko. Kuanzia siku hiyo nyumba ikawa na sheria. Alikata vipande vya kitambaa kizito akavigundisha chini ya miguu ya viti na meza. Viatu vilibaki barazani, vya mwenyeji na vya mgeni. Jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa na mdomo usio na breki, akasema kuingia kwa Bwana Saa ni kama kuingia chumba cha upasuaji, tofauti ni kwamba huku hupewi dawa ya usingizi.

Miezi mitatu mambo yalikwenda sawa. Kisha siku moja Bwana Saa akapeleka saa ya ukutani kwenye ofisi ya mteja mmoja, na sakafu ya ofisi ile, jamani, ilikuwa inang'aa kama maji ya mtungini. Aliona uso wake mwenyewe chini ukimtazama. Akauliza siri. Karani akamwonyesha chupa. Si polishi, alisema karani, ni maji ya kung'arisha, unapaka unaacha yanakauka.

Njia nzima ya kurudi Bwana Saa alibishana na nafsi yake. Karatasi ilisema polishi. Hii haikuwa polishi, ilikuwa maji. Kufika nyumbani alikuwa ameshinda kesi, na chupa ilikuwa kwenye mfuko. Tangu hapo, kila Jumamosi asubuhi, alipiga magoti akaipaka korido. Sebule hakuigusa sana, lakini korido ilikuwa na dirisha dogo mwisho wake, na mwanga ulipoingia ulikimbia juu ya kapeti lile kutoka ukuta hadi ukuta. Alikuwa akisimama pale na chai yake kutazama tu.

Hali ndiyo hiyo, mama mkwe akahamia.

Mama yake Mwalimu alikuwa amepita miaka sabini, anaishi peke yake, na wanawe walikuwa wamekubaliana kwamba sasa inatosha. Akaja na sanduku moja, mito yake miwili na tabia zake zote. Walimpa chumba cha mwisho wa korido, chenye hewa nzuri. Choo kilikuwa mwisho wa pili. Sasa mama huyu alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka thelathini. Alikuwa amefua mashuka ya wagonjwa, ya wazazi na ya marehemu, na usafi kwake ulikuwa na maana moja tu: maji mengi, dawa kali, mkono mzito. Siku ya pili aliona Mwalimu akipangusa sebule kwa kile kitambaa kilichokamuliwa. Akasimama mlangoni akatikisa kichwa.

"Hicho kitambaa mmekionjesha maji au mmekionyesha tu?"

Siku ya tatu Bwana Saa alirudi kutoka kazini akakuta sebule imekuwa ziwa. Mama mkwe alikuwa amekunja gauni, ndoo tupu pembeni, ufagio wa chelewa mkononi, anayasukuma maji kuelekea mlangoni kwa furaha ya mtu aliyepata kazi yake ya zamani.

"Shikamoo, Mama," alisema Bwana Saa.

"Marahaba, baba. Subiri hapohapo, kunakauka sasa hivi. Hii nyumba yenu ilikuwa na kiu!"

Bwana Saa alisubiri hapohapo, maana angefanya nini? Mkwe ni mkwe. Ungemng'oa meno kwa koleo asingemwambia mama wa mkewe kwamba amekosea. Akasema, "Asante kwa kazi, Mama," na wiki hiyohiyo, karibu na mlango wa jiko, kapeti likafura malengelenge mawili, kila moja kama chapa ya sahani.

Chumbani alimgeukia mkewe. "Zungumza na mama yako."

"Zungumza naye wewe. Anakupenda kuliko anavyonipenda mimi."

"Mkwe hasemwi, Mwalimu! Unataka nionekane sina adabu kwa ajili ya kapeti?"

"Basi kama adabu ni kubwa kuliko kapeti, lala."

Mwalimu hata hivyo alizungumza na mama yake. Mama akasikiliza vizuri, akasema amesikia, maji ameyaacha. Na kweli aliyaacha. Kesho yake alitumia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Doa jeupe lenye umbo la bata likabaki chini ya dirisha la sebule. Alipoambiwa habari ya dawa, akaitua chini sufuria ya maharage iliyotoka motoni ili aifunge kwa kitambaa isipoe, na ilipoinuliwa, kapeti likawa na duara la kahawia kama mhuri wa ofisi. Kila kosa alilifanya mara moja tu, hilo lazima lisemwe. Lakini makosa yalikuwa mengi, na yeye hakuwa na haraka.

Jioni hizo ungemkuta Bwana Saa amelala kifudifudi mlangoni mwa jiko, anayakandamiza malengelenge kwa madaftari ya darasa la sita ambayo Mwalimu hajayasahihisha. "Usichanganye madaftari," Mwalimu alimwambia akimruka. "Na ukimaliza kulikanda hilo, na mimi nina mgongo unauma."

Haya yote angeyavumilia. Kilichomtoa roho ni korido.

Ilianza kama ukungu. Asubuhi moja aliona mng'ao umepungua upande mmoja, karibu na ukuta. Akadhani ni mwanga. Jumamosi akapaka maji yake ya chupa mara mbili. Jumatano mng'ao ulikuwa umetoweka tena, na mahali palepale: mstari mpana kama hatua ya mtu, umeanzia mlango wa chumba cha mama mkwe, umefuata ukuta moja kwa moja mpaka mlango wa choo. Kushoto kwake kapeti linang'aa. Kulia kwake ukuta. Katikati njia imefifia kama kitambaa cha zamani. Akapaka tena. Ikafifia tena. Wiki tatu alipaka, wiki tatu ikafutwa, na kadiri alivyozidi kupaka ndivyo ilivyozidi kuwa butu.

Alikwenda kuchukua ile lenzi yake ndogo ya kubana jichoni, akalala chini korido nzima, tumbo kwenye kapeti, miguu inatokeza sebuleni. Alichokiona kilimfanya anyanyuke akiwa bado na lenzi jichoni.

"Mwalimu! Njoo uone! Mikwaruzo! Maelfu! Yote imeelekea upande mmoja, imepinda kidogo mwishoni, kama mkono unavyopinda. Huu si uchakavu. Mtu anasugua kapeti langu kwa waya wa kusugulia sufuria!"

Mwalimu alimtazama kutoka kwenye madaftari. "Labda panya."

"Panya mwenye waya wa sufuria?"

"Mume wangu, unajua nani anashinda humu ndani mchana. Mimi najua. Kapeti linajua. Sasa unaniuliza nini?"

Hapo ndipo alipotaka kulia kwa hasira. Kumwaga maji ni kutojua, dawa kali ni mazoea ya kazi. Lakini kusugua kwa waya, tena mstari ulionyooka, tena kila wiki, hiyo ni makusudi. Alijiuliza amemkosea nini mama huyu. Chakula hamnyimi. Heshima anampa mpaka mgongo unauma kwa kuinama. Kwa nini basi amwandame?

Siku ile mezani alijaribu kuzunguka mbuyu. "Mama, naona korido imechoka."

"Hata mimi nimechoka, baba," alisema mama mkwe, akichambua samaki. "Umri."

"Naona kama kuna kitu kinaikwaruza."

"Dunia ina mambo."

Mwalimu alikohoa ndani ya glasi ya maji, na Bwana Saa akajua kwamba kikohozi kile ni kicheko. Jumamosi iliyofuata akapaka korido mara tatu. Ilikuwa sasa ni vita, na yeye hakuwa tayari kushindwa na kikongwe.

Jumatano alifika kazini akagundua ameiacha lenzi yake juu ya kabati nyumbani, na fundi wa saa bila lenzi ni kipofu mwenye bisibisi. Akafunga duka, akarudi. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Alifungua mlango taratibu, akasikia sauti. Krru, krru, krru. Sauti ya sufuria iliyoungua, lakini haikutoka jikoni.

Aliingia sebuleni na viatu vyake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kapeti litandikwe, akasimama mwanzo wa korido. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti katikati, mgongo kwake, bakuli la majivu pembeni. Mkono wake unakwenda na kurudi, wa kazi, usio na papara, mkono wa miaka thelathini.

Bwana Saa alifungua kinywa. Wiki zote alikuwa ameyapanga maneno, mengine ya adabu, mengine hapana. Kabla hajatoa hata moja, mama akasema bila kugeuka:

"Kama umeingia, vua viatu. Kapeti la watu hili."

Na yeye, kwa mazoea tu, akavivua. Akaviweka pembeni, akavuta pumzi ya mtu aendaye vitani, akaikanyaga korido kwa soksi, pale katikati panapong'aa. Mguu wa kwanza ukaenda mbele. Wa pili ukaufuata. Dari ikaonekana yote, na halafu Bwana Saa akawa ameketi chini kwa kishindo kilichotikisa kioo cha dirisha, mdomo wazi, neno la kwanza la hotuba yake bado limekwama kooni.

Mama mkwe aligeuka. Uso wake haukuwa na kicheko hata chembe.

"Umeumia? Usinyanyuke haraka. Vuta pumzi kwanza. Mgongo unausikia? Vidole vya miguu, vitikise."

Alivitikisa.

"Haya. Ni matako tu, yatapona." Akauweka waya chini. "Hapohapo ulipo ndipo nilipoanguka mimi."

Bwana Saa alimtazama bila kuelewa. "Ulianguka lini, Mama?"

"Wiki ya pili nilipokuja. Siku ya Jumamosi umepaka, Jumatatu nyote mmekwenda kazini, nimeamka niende chooni. Nilikwenda chini kama gunia. Nilikaa hapa mpaka jua limefika kwenye dirisha lile la mwisho. Nilipiga kelele kidogo, halafu nikaona haya, nikanyamaza. Mwisho nikajiburuta mpaka mlangoni nikajivuta kwa kitasa."

"Na hukusema!"

"Ningesema nini? Kila Jumamosi nakuona umepiga magoti unalipaka mafuta hili kapeti kama mtoto mchanga. Nikwambie mkwe wangu, kitu chako kizuri kimeniangusha? Si mmeshaniambia maji mabaya, dawa mbaya, sufuria mbaya? Ningeongeza na hilo, kesho ningesikia wanangu wanapigiana simu, mama hafai kukaa na watu. Nikajiambia, nitajitengenezea njia yangu mwenyewe. Ya mguu wangu tu. Kwingine sijagusa. Kagua."

Alikuwa amekwisha kukagua. Alikuwa amekagua kwa lenzi, akaona maelfu ya mikwaruzo, na hakuona hata mmoja ulikuwa unasema nini. Uso ulimwaka. Lakini mtu haachi hulka yake kwa siku moja, na hata katikati ya fedheha ile uchungu ukamtoka:

"Lakini Mama, kwa waya! Waya wa sufuria!"

"Ningetumia nini, ulimi?"

Bwana Saa alinyanyuka akishika ukuta, akajivuta mpaka kwenye ile njia iliyofifia, na mguu wake ukashika imara kama umefungwa kamba. Akamngojea mama mkwe naye anyanyuke. Mama alikuwa anakusanya bakuli lake polepole, anafuta jivu, anakunja kitambaa, anakikunja tena.

"Simama basi, Mama, nikuletee maji ya kunawa."

"Nitasimama. Wewe nenda kazini."

"Simama nikuone."

Mama akatazama ukuta. "Huwa nachukua muda kidogo," alisema. "Upande huu wa nyonga unanisumbua."

Ndipo mambo yakaanza kumjia Bwana Saa, moja baada ya jingine, kama bili za miezi iliyopita. Kwamba mama alikuwa ameacha kukaa kwenye kochi, anakaa kiti kirefu cha mezani. Kwamba aliposhuka barazani aliutanguliza mguu uleule kila mara. Kwamba sanduku lake lilikuwa limehamishwa kutoka chini ya kitanda likawekwa juu ya kiti, asilazimike kuinama. Yeye aliyeona kikombe kilichogeuka hakuwa ameona mtu mzima akichechemea nyumbani mwake miezi miwili. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo analijua kila mtu, lakini mficha huyu alikuwa amefichia mbele ya macho yake.

Alimpa mkono. Mama akausitia, maana mkwe na mkwe hawakuwa na desturi ya kushikana, kisha akaushika kwa nguvu zote, akanyanyuka akiguna.

Mchana ule ule wakawa hospitali. Mwalimu aliombewa ruhusa akawakuta kwenye benchi. Picha ya mifupa ilipotoka, daktari aliiinua kwenye taa, akasema hakuna kilichovunjika, ila pameumia ndani na pamekaa muda mrefu bila matunzo. Dawa, mazoezi, fimbo kwa miezi michache. "Lakini akianguka tena," alisema, "sitawaambia hivi. Huko nyumbani sakafu ni ya aina gani?"

Bwana Saa alitamani ardhi ipasuke.

"Ya plastiki," alisema Mwalimu.

"Hiyo si mbaya. Mnaipaka kitu?"

Mwalimu alimtazama mumewe tu, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeiba majibu halafu akakosea kuyanakili. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakusema afanyeje yule ambaye guu lililokaribia kuvunjika si lake.

Kesho yake akamwita fundi wa sakafu. Fundi aliingia, akavua viatu mwenyewe, akaitazama korido kutoka mwanzo hadi mwisho. Akachuchumaa. Akakwangua kwa ukucha, akanusa ukucha.

"Nilisema nini habari ya polishi?"

"Si polishi," alisema Bwana Saa kwa unyonge. "Ni maji ya kung'arisha."

"Na mimi si fundi, ni mtu anayepita na gundi." Akanyanyuka. "Umepaka juu ya uchafu, ukapaka tena juu ya ulichopaka. Hapa mnatembea juu ya kamasi. Yote itoke. Maji ya uvuguvugu, sabuni, siki kidogo, brashi laini, mnasugua kipande kwa kipande na kukausha palepale. Msipofanya haraka itatoka. Mkifanya haraka mtaikoroga tu." Halafu akafika kwenye ile njia, akaikanyaga kwa soksi, akajaribu kuteleza makusudi, hakuteleza. Akainama akaipapasa. "Hii nani kaifanya?"

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake na fimbo yake mpya.

"Mimi," alisema.

"Kwa waya?"

"Na majivu."

Fundi alitikisa kichwa kwa heshima. "Kazi imenyooka. Vijana wangu hawawezi kunyoosha hivi hata kwa rula."

"Nilikuwa hospitali, kufua," alisema mama, na Bwana Saa aliona mgongo wake ukinyooka kidogo. Moyoni aliungua. Wiki nne amelia na mikwaruzo ile, leo inapewa cheti!

"Inarudi?" aliuliza.

"Haitarudi. Mng'ao wa juu umeshaondoka, na hapo sasa uchafu utashika upesi, itabidi mpapanguse mara nyingi kuliko kwingine. Naweza kuukata ukanda wote nikabandika mpya. Ila kusema kweli, kwa mguu wa mama huyu, mimi ningeuacha."

Bwana Saa aliitazama korido yake. Ilikuwa na rangi mbili, kama suruali iliyotiwa kiraka na mtu asiye na uzi wa rangi yake. Aliwazia wageni. Alimwazia jirani na mdomo wake.

"Uache," alisema.

Jumamosi wakaanza kazi ya kuitoa ile polishi, na hapo usidhani kulikuwa na amani. Mama mkwe aliamriwa akae. Akakaa robo saa, kisha akadai mkwe wake anasugua kama anayembembeleza paka, akateremshwa chini juu ya mto, mguu wake mbaya umenyooshwa, akapewa brashi. Yeye alisugua, Bwana Saa akapangusa na kukausha. Waligombana juu ya siki, imezidi au haijazidi. Waligombana ni upande gani uanze. Bwana Saa alisema, "Mama, nakuomba, polepole," mara nyingi kiasi kwamba mwishowe mama akamwambia aliandike neno hilo kwenye ile karatasi yake ya mlangoni apate kupumzisha sauti. Tabaka la polishi lilitoka kama ute wa bamia, kijivu, linanuka mwezi mzima wa soksi. Kila kipande walichokimaliza kilibaki hakina mng'ao wa maji wala wa kioo, kina ule mng'ao mdogo wa siku ya kwanza, ambao Bwana Saa alikuwa amekwisha kuusahau.

Saa nane walikuwa wamefika mlango wa choo. Bwana Saa alijaribu kusimama, magoti yakakataa. Aligeuka akaegemea ukuta apumzike kidogo. Mama mkwe alikuwa ameegemea ukuta wa pili, mkabala naye, brashi mapajani. Walitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kunyanyuka.

"Nyonga?" aliuliza Bwana Saa.

"Ipo. Magoti?"

"Yapo."

Mwalimu aliporudi kutoka dukani aliwakuta hivyohivyo, miguu minne imenyooshwa korido nzima, hakuna pa kupita.

"Mnafanya nini huko chini?"

"Tunangoja kukauke," alisema mama yake.

Mwalimu aliinama akagusa kapeti kwa kiganja. "Kumekauka."

"Basi weka hiyo mifuko," alisema Bwana Saa, "uje utuinue. Anza na Mama."